Shajara ya mradi: kutoka paja la mtoto wa Faza hadi friza ya Lamu

Shajara hii ni ya maandalizi ya jaribio la chanjo ya homa ya uti wa mgongo kwa watoto wachanga. Hakuna mtoto aliyedungwa chanjo ya majaribio, na hatadungwa yeyote kabla kamati ya maadili na Bodi ya Famasia na Sumu hazijatoa vibali. Kwa sasa tunajipima wenyewe: mikono, mashine, mashua na karatasi. Chupa za "chanjo" zina maji, na damu ni ya wafanyakazi watu wazima waliojitolea. Kikosi kingine kikitaka kufuata njia hii, kiwe Malindi au Kipini, kisome zaidi pale tulipokosea.

6 Mei. Umri gani, paja lipi

Bakteria ya meningokoka, inayoleta ugonjwa huu, hujivika ganda la sukari. Chanjo za zamani zilikuwa za sukari hiyo tupu, na mtoto wa chini ya miaka 2 hazimsaidii sana: seli T zake (chembe za kinga) hazishtuki, kingamwili huwa haba na kumbukumbu haibaki. Chanjo za siku hizi zimeifunga sukari kwenye protini ili seli T ziitwe kazini. Katika chanjo ya makundi matano ya bakteria hiyo, Men5CV, sukari za A na X zimefungwa kwenye protini ya pepopunda, na za C, W na Y kwenye protini iitwayo CRM197. Shirika la Afya Duniani liliikubali Julai 2023, na Nigeria ikawa nchi ya kwanza kuitumia, mwaka 2024.

Lamu iko nje ya ukanda wa uti wa mgongo, eneo la milipuko mikubwa ya ugonjwa huu linalotoka Senegali hadi Ethiopia. Kwa hiyo hatuwezi kupima kama chanjo inazuia ugonjwa, maana wagonjwa hawatatosha kuhesabu. Tutapima mambo mawili: madhara, na kingamwili siku ya 0 na siku ya 28.

Rasimu ya kwanza ilitaja wiki ya 14. Tuliifuta baada ya kuchora mapaja ya mtoto kwenye karatasi. Wiki hiyo pentavalenti, chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja, hudungwa paja la kushoto, na ya nimonia pamoja na ya polio ya sindano hudungwa paja la kulia, zikiachana sentimita 2.5. Ukiongeza sindano ya nne, paja likifura hujui umlaumu nani. Isitoshe, pentavalenti yenyewe huleta joto, kwa sababu ya sehemu yake ya kifaduro.

Miezi 9 ni nafuu. Chanjo ya surua na rubela huenda mkono wa juu wa kulia, si pajani, na joto linaloletwa na surua kwa kawaida hutokea kati ya siku ya 7 na ya 12, kadi yetu ya siku 7, ambayo mama huandika madhara kila jioni, ikiwa karibu imefungwa. Kingamwili alizorithi mtoto kwa mama nazo zimepungua. Tumeamua: paja la kushoto, upande wa nje, mililita 0.5, sindano ya geji 23 yenye urefu wa milimita 25.

14 Mei. Damu kiasi gani

Kikomo tunachofuata ni asilimia 1 ya damu yote kwa mara moja, na asilimia 3 kwa wiki 4. Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo. Wa kilo 8 ana 640, kwa hiyo kikomo cha mara moja ni 6.4. Mwembamba wa kilo 6 ana 480, kikomo 4.8. Tunahitaji 3 siku ya 0 na 3 siku ya 28, jumla 6. Hata yule wa kilo 6 yuko salama, kwani kikomo chake cha wiki 4 ni 14.4.

Mililita 3 za damu hutoa kama 1.2 za seramu, yaani yale maji ya manjano yanayobaki juu damu ikishaganda. Tunazigawa chupa mbili za 0.5. Moja huenda kupimwa, ya pili hukaa akiba, nazo hazisafiri siku moja wala boksi moja.

Kudunga ni mara mbili tu. Ukikosa mshipa mara ya pili, mtoto anarudishiwa mamake na fomu inaandikwa "haikupatikana". Muuguzi mmoja alipendekeza mara tatu, tukakataa. Mama aliyeona mwanawe akitafutwa mshipa mara tatu harudi siku ya 28, na bila siku ya 28 sampuli ya siku ya 0 haina kazi.

21 Mei. Mashine ya kuzungusha, na damu iliyokataa kuganda

Siku ya kwanza ya mazoezi tulipoteza mirija 11 kati ya 16, kwa makosa mawili tofauti.

La kwanza ni barafu. Mirija ilitiwa kwenye boksi la baridi mara tu ilipojaa, kwa nia njema ya "kuhifadhi". Damu ikipozwa mapema huganda kwa kusuasua. Tulipoizungusha, seramu ilitoka na nyuzi kama uzi wa mhogo, na nyuzi hizo huziba ncha ya pipeti maabarani. Sasa mrija unageuzwa taratibu mara 5, unasimamishwa wima kwenye rafu kivulini, dakika 30 hadi 60. Baridi inakuja baada ya kuzungusha.

La pili ni nambari iliyonakiliwa. Mwongozo tuliorithi ulisema "mizunguko 3,000 kwa dakika, dakika 10". Mizunguko peke yake haisemi kitu, kinachotenganisha damu ni nguvu, na nguvu inategemea upana wa mashine. Hesabu ni hii: 0.00001118 × nusu kipenyo kwa sentimita × mizunguko × mizunguko. Mashine iliyoandikiwa mwongozo ule yaelekea ilikuwa na nusu kipenyo cha sentimita 16 au karibu na hapo, ambapo 3,000 hutoa g 1,600, yaani mara 1,600 ya mvuto wa dunia. Yetu ni ndogo ya mezani, sentimita 8, na 3,000 hutoa g 805 tu. Tabaka halikufungika, na kila tulipovuta seramu tulivuta na wekundu. Kufikia g 1,500 tunahitaji mizunguko 4,100. Tumeibandika nambari hiyo kwenye kifuniko cha mashine, na chini yake tumeandika nusu kipenyo, ili mashine ikibadilishwa mtu ajue kwamba na nambari ibadilike.

Kosa la tatu, dogo: bomba la sindano likivutwa kwa pupa, chembe za damu hupasuka na seramu inakuwa nyekundu kama juisi ya ukwaju. Tumehamia sindano ya kipepeo ya geji 23. Ghali zaidi, lakini tangu hapo hakuna hata mrija mmoja uliotoka mwekundu.

29 Mei. Barafu iliyozidi

Kila mtu huogopa joto. Kirekodi joto chetu kilionyesha kinyume: saa ya kwanza baada ya kufunga kisanduku, nyuzi −1.8. Pakiti za barafu zilitoka friza zikaingia moja kwa moja kisandukuni. Chanjo zenye chumvi ya alumini, kama pentavalenti na ya nimonia, zikiganda zimekufa, na kwa macho huenda usione kitu. Watoto wetu watakuja siku moja na watoto wengine wa wiki 6 na 10, kwa hiyo kisanduku kimoja kitabeba zote.

Dawa yake ni ya zamani: pakiti zitolewe, zipangwe mezani, zisubiriwe mpaka zikitikiswa unasikia maji yakicheza ndani. Kwa joto la Lamu ni kama nusu saa. Tatizo halikuwa ujuzi, lilikuwa saa ya mashua. Nahodha anataka kung'oa nanga kabla maji hayajatoka, na mtu anayengoja pakiti ziyeyuke anaonekana mzembe. Tumebadilisha ratiba: mlinzi wa usiku anatoa pakiti dakika 45 kabla ya swala ya alfajiri na kuandika saa kwenye ubao. Majaribio matano mfululizo yamebaki kati ya nyuzi 3 na 7.

Kirekodi kikae katikati ya chupa. Kikigusa barafu kinapima barafu.

9 Juni. Mkanda, bamvua na saa mbili

Mpango ulikuwa damu ichukuliwe Faza, kisiwani Pate, iletwe nzima Lamu, izungushwe hapa kwenye mashine nzuri na umeme wa uhakika. Kwenye karatasi, saa mbili kutoka sindanoni hadi mashineni. Tulijaribu mara tatu.

Mara ya kwanza maji yalikuwa yamekupwa na njia ya Mkanda (mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara) haikupitika, tukangoja. Mara ya pili kusi ilikuwa imechafua bahari, mirija ikarushwarushwa saa nzima damu ikiwa haijatulia kuganda, na yote minane ikawa myekundu. Mara ya tatu ilifaulu, nasi tukakubaliana kwamba jambo linalofaulu mara moja kwa tatu si njia.

Tumeihamisha mashine Faza. Damu inazungushwa palepale, na kinachopanda mashua ni seramu, ambayo ikiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 haijali mawimbi wala kuchelewa mpaka jioni. Gharama: inveta na betri Ksh 38,000, kwa sababu jenereta ya pale hushuka nguvu pampu ya maji ikiwashwa na mashine hupunguza mwendo bila kutoa kengele. Tuligundua kwa kusikiliza: mvumo ulishuka kama wa nzi anayechoka. Betri imelimaliza hilo. Petroli ni lita 40 kwenda na kurudi, karibu Ksh 7,500 kwa safari, iwe tumepata sampuli 2 au 12. Kwa hiyo ziara za siku ya 28 zinapangwa kwa makundi, na siku zinachaguliwa kwa jedwali la maji kabla ya kalenda ya ofisi. Dirisha la siku ya 28 tumelifungua kuwa siku 26 hadi 35 ili bamvua na mafu (maji makubwa na maji madogo ya bahari) zisitufanye waongo.

18 Juni. Kadi ya siku 7

Kadi inauliza kila jioni: joto la kwapani, uvimbe, wekundu, maumivu paja likiguswa, kutapika, kukataa ziwa, usingizi usio wa kawaida, kulia kusikokoma. Jaribio la kadi lilikuwa na kibali chake. Akina mama 14 waliijaza siku 7 kwa watoto ambao hawakudungwa chochote.

Tisa kati yao waliweka alama kwenye "homa". Vipimajoto vyao vilisoma 36.4 hadi 37.1. Hakuna aliyekosea isipokuwa sisi. Kwa mama wa hapa homa ni mafua, ni mwili mzito, ni mwana asiyechangamka. Tungechapisha jedwali la madhara lenye homa ya zaidi ya nusu ya watoto, na kosa lote likiwa la neno moja. Sasa kadi haina neno homa. Ina "mwili moto?" na chini yake mstari wa nambari, nambari ndiyo inayohesabiwa: 37.5 kwapani na kuendelea. Neno "degedege" tumeliacha, lakini mhudumu lazima aulize "alifanyaje?", macho, mikono, dakika ngapi, kwani wengine hulitumia kwa mtoto anayeshtuka usingizini.

Uvimbe ulipimwa kwa "kama sarafu", na kila mtu ana sarafu yake. Tumewapa rula ya plastiki yenye matundu ya duara ya milimita 5, 10, 25 na 50. Inawekwa juu ya paja, tundu linalofunika wekundu ndilo linaloandikwa.

Safu iliyotupa kazi zaidi ni ya dawa. Kipimo chetu kikuu, kile cha kuua bakteria, hutumia bakteria hai. Seramu ya mtoto huchanganywa nao, na ikiwaua tunasema ana kingamwili. Lakini mtoto aliyemeza amoksilini juzi, seramu yake huua pia, na chanjo inasifiwa kwa kazi ya dawa. Kumwuliza mama "alipewa antibiotiki?" hakusaidii. Maswali yanayofanya kazi ni haya: chupa ilikuja na unga ukatiwa maji? Ulikatazwa kuacha kabla ya siku 5? Chupa iko wapi? Akisema unga, tunaahirisha damu ndani ya dirisha letu na kuandika sababu.

Parasetamoli nayo iandikwe na saa yake. Kuna chanjo za utotoni ambazo kingamwili hupungua mtoto akipewa parasetamoli ya kutangulia, ilhali kwa chanjo ya kundi B yenye viambato vinne, Uingereza wanaitoa makusudi kwa sababu ya joto kali. Sisi hatuitoi mapema. Mwili ukiwa moto, mama ampe mtoto, aandike.

27 Juni. Sanduku la dharura

Ingizo fupi, lakini tungeweza kumpoteza mtoto kwalo. Adrenalini ya 1:1,000, dawa ya mzio mkali baada ya sindano, hutolewa mililita 0.01 kwa kilo, msulini, pajani. Mtoto wa kilo 8 ni 0.08. Sanduku lililoidhinishwa lilikuwa na bomba za mililita 2, ambazo mstari mdogo kabisa ni 0.1. Hakuna mkono unaopima 0.08 hapo, na hofu ikiingia ndiyo kabisa. Tumenunua za mililita 1 zenye mistari ya 0.01, boksi la 100 kwa Ksh 900. Ndani ya kifuniko kuna jedwali la kilo 5 hadi 12 na dozi yake. Uzito wa mtoto unaandikwa kwa kalamu nene kwenye fomu kabla ya chanjo, na baada ya sindano mtoto hukaa dakika 30 mbele ya macho yetu.

4 Julai. Damu inakwenda wapi

Kwenye kikao cha Siyu, swali la kwanza lilitoka kwa bibi mmoja: "Mwanangu, hiyo damu mwaipeleka wapi?" Neno mumiani halikutamkwa, lakini lilikuwa limeketi nasi jamvini. Maelezo yetu ya mililita hayakumfikia. Kilichofaa ni bomba la sindano na sharbati nyekundu: tuliivuta 3, tukaimimina kwenye kijiko cha chai mbele yake. Haikukijaza. Kisha tukamwambia, bibi, nusu ya hii yapimwa na nusu yakaa akiba, na mzazi akisema itupwe, itatupwa na tutamwonyesha karatasi.

Fomu ya ridhaa imebadilika mambo mawili. Kijiko kimechorwa. Na imeongezwa siku moja ya kungoja kati ya maelezo na sahihi, kwa kuwa baba wengi wako baharini na mama hatii sahihi kabla ya kuzungumza naye. Haraka ya siku moja ingetuletea waliojiondoa wiki ya pili.

Jambo la kufunika macho, yaani anayepima asijue mtoto kapata chanjo ipi, pia liliibuka hapa. Chanjo ya majaribio huchanganywa kutoka unga, ya kulinganisha huenda ni ya maji tayari, na mji ni mdogo. Anayechanganya na kudunga hatapima uvimbe wala kupokea kadi, na bomba linavishwa karatasi kabla ya kutoka nyuma ya pazia. Mdungaji na mpimaji wasiwe wa nyumba moja. Tulikuwa na dada wawili kwenye ratiba, mmoja amehamishiwa ofisi.

15 Julai. Lebo na friza

Chupa 40 za mazoezi zilitoka friza na lebo 13 zikiwa zimebaki sakafuni mwa boksi. Gundi ya kawaida haihimili baridi ya −80, na iliyobandikwa kwenye chupa yenye unyevu haihimili hata −20. Seramu isiyo na jina inatupwa, hata iwe safi namna gani. Lebo za friza ni Ksh 4,200 kwa roli ya 1,000. Zinabandikwa kwenye chupa kavu, kabla ya seramu kuingia, ncha ipite juu ya mwanzo wake. Nambari ileile inaandikwa kwenye kifuniko.

Kuganda na kuyeyuka kunahesabiwa. Kila chupa inapotoka inatiwa alama, na yenye alama mbili haiendi kwenye kipimo kikuu. Maabara itaipasha seramu nyuzi 56 kwa dakika 30 ili kuua komplementi (protini za damu zinazosaidia kingamwili kuua bakteria) ya mtoto mwenyewe, kisha itaongeza yake ya kipimo kilichojulikana. Ikitumia ya sungura, taita (mara ambazo seramu yaweza kuzimuliwa na bado ikaua bakteria) ya 8 na zaidi huhesabiwa kinga, ikitumia ya binadamu ni 4. Tumeandika kwenye mkataba ni ipi, kwa sababu nambari za njia hizo mbili haziwekwi jedwali moja.

Barafu kavu (gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa) haipatikani Lamu. Inaagizwa, nayo huyeyukia hewani kilo 2 hadi 5 kwa siku kwenye boksi la kawaida la foamu. Boksi lisifungwe kwa utepe pande zote, gesi italipasua, na lisipakiwe ndani ya gari lenye madirisha yaliyofungwa.

24 Julai. Zoezi zima

Watu wazima 10 Faza, kutoka kusajili hadi friza. Mirija 10 ilizungushwa, 9 ilitoa seramu safi, mmoja ulikuwa na nyuzi: ulizungushwa dakika ya 22 kwa sababu nahodha alipiga honi. Kuanzia wiki ijayo saa ya kuzungusha itashikwa na mtu asiyepanda mashua. Joto la kisanduku lilikuwa nyuzi 3.4 hadi 6.8. Seramu iliingia friza saa 9 na dakika 5 za mchana, saa 6 na nusu tangu damu ya kwanza. Lebo zote zipo.

Yaliyobaki: kengele ya friza kutuma ujumbe umeme ukikatika (simu kadi imenunuliwa, haijasajiliwa), rula 60 zaidi, na jibu la kamati kuhusu dirisha la siku 26 hadi 35. Wameuliza kwa nini lisiwe siku 28 kamili. Tumewapelekea jedwali la maji ya bahari.